Ng'ombe Waliobaki Ndani ya Simu

Mimi niliishia darasa la nne, na silionei aibu. Kompyuta nilijifunza kwa kutazama. Nilikuwa nafua mashuka kwenye lodge moja huku njia ya kupandia Ngorongoro, na kila mhasibu alipoinuka kwenda kula, nilisimama nyuma ya kiti chake nikaangalia alichoacha wazi. Miaka ilipita. Nikanunua kompyuta iliyochoka, nikajenga kibanda cha mabati karibu na uwanja wa mnada hapa Karatu, nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: ULIZA LOLOTE LA SIMU NA KOMPYUTA. Wenye vyeti wakacheka. Halafu wakaanza kuja kuuliza.

Maswali ya watu ni yale yale. Mbona bando limekwisha na sijafungua kitu? Limeliwa na video zinazojicheza zenyewe. Mbona simu imejaa? Kwa sababu umetunza kila ua la "asubuhi njema" ulilotumiwa na shemeji zako. Mzee mmoja mkulima wa vitunguu alinibebea kompyuta ya binti yake ndani ya gunia, akataka niutoe mtandao wote.

"Mtandao haukai humu ndani," nikamwambia.

"Unakaa wapi?"

"Uko nje."

"Basi funga mlango usiingie. Wewe si fundi?"

Watu wa kwenye benchi wakamuunga mkono. Nilizima kitufe cha intaneti, nikawa nimemfungia mlango kweli, na siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa chuo. Sikuwahi kumwambia mtu "sijui". Neno hilo niliwaachia waliosoma, maana wao wakilisema bado wana vyeti.

Ndipo akaja yule mama wa Endulen.

Ilikuwa siku ya mnada. Alikuwa mtu mzima, labda tunalingana umri, na alisubiri mpaka benchi likawa tupu. Nikamwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," yaani mama, akaitikia "Iko," akafungua fundo la shuka akatoa simu. Ilikuwa simu nzuri, kioo kizima.

"Ni ya mwanangu," akasema. "Hayupo tena. Alikuwa mlinzi mjini, akaugua huko."

"Pole, yeyo."

"Kabla hajaondoka alijirekodi akiwaita ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, na mluzi wake. Alisema, nikichoka huko nitakuwa nasikiliza. Nataka unifungulie nimsikie."

Kitu chenyewe kilikuwa hicho tu. Wengine huja wanatafuta hati za viwanja. Yeye alitaka sauti ya mtu akiita ng'ombe.

Simu ilitaka neno la siri, la herufi. Nikamuuliza mtoto wa marehemu anaitwa nani, nikajaribu. Hapana. Mke wake. Hapana. Akanitajia ng'ombe watatu aliowapenda, nami nikawaandika wote, simu ikawakataa wote. Nikamuuliza jina la mwanawe mwenyewe. Akapandisha shuka mpaka mdomoni, akatazama nje.

Nilijua. Nimekaa na Wamaasai maisha yangu yote, najua kwamba kwao jina la aliyekufa halitamkwi. Lakini nilikuwa fundi mwenye mashine mkononi, nikasema maneno ambayo mpaka leo yananisuta.

"Yeyo, mashine haina habari na msiba. Litaje tu, niko peke yangu hapa."

Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia zizini na viatu vya mjini.

"Hospitali kuna kadi yake," akasema. "Imeandikwa. Mnada ujao nitakuletea, utasoma mwenyewe kwa macho. Mpaka nirudi, usiisumbue."

Akaniachia simu, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Usiisumbue. Neno moja tu hilo. Nami niliiweka kwenye droo siku tatu. Siku ya nne, mchana mtupu, hakuna mteja, nikaitoa. Nilitaka akirudi na kadi yake aikute imeshafunguka, anipe sifa, aende akasimulie Endulen nzima. Nikajaribu jina la kijiji. Nikajaribu la timu ya mpira. Likatokea onyo kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha taulo na maji ya moto, lakini ile namba moja niliielewa. Imebaki mara moja. Niseme ukweli: niliielewa vizuri sana. Nikarudia jina la dume mwekundu, mmoja wa wale watatu, ambaye mama alisema mwanawe alimlea kwa mkono, nikidhani mwanzo nilikosea herufi.

Kioo kikawa cheusi. Kilipowaka, simu ikanisalimia kwa lugha kumi kama imetoka dukani. Vilivyokuwamo vyote vilikuwa vimefutika, na juu ya hapo ikataka akaunti ya mwenyewe ndipo ikubali kutumika tena.

Nilihangaika wiki nzima. Akaunti ilitaka namba zitumwe kwenye laini yake, na laini ilikaa bila kutumika mpaka kampuni ikampa mtu mwingine. Nilipoipiga alipokea mwanamke, nyuma yake watoto wanalia. Akasema nimekosea namba.

Mama alirudi siku ya mnada na kadi aliyoikunja mara nne. Alinipa kwa mikono miwili. Sikuipokea.

"Imefutika, yeyo. Nimeifuta mimi. Niliisumbua."

Akauliza, "Ng'ombe je?"

"Hawamo."

"Wameenda wapi?"

Hapo ndipo nilipolisema kwa mara ya kwanza ndani ya kibanda changu. "Sijui."

Akairudisha kadi kwenye fundo bila kuikunjua. Kwa hiyo mpaka leo sijui kama lile jina ndilo lingefungua. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningepona. Aliomba tu nimchajie simu, kwa sababu chaji ilikuwa imebaki kidogo.

Maandishi ya ukutani nimeyapaka chokaa. Watu bado wanakuja, nami nawajibu ninayoyaweza. Yeye naye huja kila mnada kuichaji ile simu isiyofungua chochote. Nimemweleza mara nyingi kwamba hata ikijaa chaji haitasaidia. Ananisikiliza, anaipangusa kwa shuka, ananipa. Inakaa kwenye waya mpaka saa tisa, anapokuja kuichukua.

"Hawajarudi?" anauliza.

"Hawajarudi, yeyo."

Anaifunga kwenye shuka, anaenda kutafuta gari.