Kisu cha Greda

Gari la Thuraya lilinasa mchangani mbele ya kambi ya watalii aliyokuja kuisimamia kwa mara ya kwanza. Greda likaja nyuma yake likisawazisha njia. Dereva, mzee wa vidole virefu, akasimama, akafuta usukani kwa kitambaa kama afanyavyo kila akisimama, kisha akakiinua kisu cha greda, lile bamba la kukwangulia mchanga, taratibu, kama mtu anayeinua kanzu kuvuka dimbwi.

"Shikamoo, ami. Mbona hapa waparuka, hupasawazishi?"

"Marahaba, binti yangu. Kambi hii haijachangia dizeli ya greda."

"Tuchangie nini? Joto halijaondoka, wageni hawaji! Kesho ndiyo napokea familia ya kwanza. Wakinasa, watarudi kwao mjini Sur."

"Wallahi nakuhurumia," akasema, kwa upole uliomuudhi kuliko tusi.

Akalizunguka gari la Thuraya kwa greda, na mbele ya kambi ya jirani, iliyolipa, akakiteremsha kisu. Wageni wa huko nao wangepita hapa hapa palipoachwa bila kusawazishwa. Thuraya akabaki akifukua magurudumu kwa mikono.