Mpaka Mwenyewe Aseme Amepata

Siku yangu ya kwanza kama afisa wa kazi pale Kasese, nililetewa makubaliano yaliyosainiwa: ofisi moja ya serikali imekubali kumlipa mfanyakazi wake malimbikizo, yaani mishahara ya nyuma. Nikataka kufunga faili. Bosi wangu, Afisa Mkuu wa Kazi, mwanajeshi wa zamani, akaiona.

"Wewe, sahihi inapika posho?" akaniuliza. "Huyu mutu amepata? Amekuambia mwenyewe?"

"Bado, afande."

"Basi fungua."

Nyinyi mnaoanza sasa, kusuluhisha ni kazi nyepesi. Watu wanakunywa soda, wanapeana mikono. Utekelezaji ndio kazi yenyewe. Barua nilituma chache. Nilimchukua mdai, tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu wa utumishi kila asubuhi, kimya, mpaka aone aibu. Wakubwa walinichukia kwa hilo, wala sikujali.

Nilipopewa upande wa Bwera, mpakani, nilimpata Masika, mkunga mstaafu wa Kyarumba. Alikuwa ameweka rehani shamba lake la kahawa ili asomeshe wajukuu, akitegemea malimbikizo. Asipolikomboa kabla ya mavuno, shamba linakwenda.

Ofisi iliyosaini kumlipa ikaniambia imeshamlipa. Nikapanda boda mpaka njia ilipoishia, nikamalizia mlima kwa miguu. Nilimkuta anapalilia maharage.

"Mwanangu, mimi sijaona hata shilingi," akasema, macho yake kwenye kahawa.

Kwetu Wakonzo, binti wa kwanza ni Masika, nyumba zote. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku, kama mimi. Pesa ilikwenda kwa Masika mwingine, muuguzi wa Kyondo. Na yeye alikuwa anadai malimbikizo, akadhani ni yake, akanunua mabati.

"Tutamkata huyo mshahara polepole," mkuu wa utumishi akasema. "Mama angoje."

Nilikasirika, nasema kweli. "Bwana mkubwa, mama hakukubaliana na mtu wa Kyondo. Alikubaliana na wewe."

Tukakaa benchi, mama akija na chai yake kwenye chupa, mpaka pesa ikaingia. Kahawa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Aliivuna mwenyewe, akashuka mpaka ofisini kuniambia amepata. Hapo nikafunga faili.

Sasa nimestaafu. Juzi nilikwenda kuuliza kiinua mgongo changu. Mkuu mpya wa utumishi akatazama kompyuta.

"Mzee Baluku, hapa inaonyesha umelipwa."

"Baluku yupi?" nikamuuliza.

Akarudisha macho kwenye kompyuta. Nikatoka, nikakaa kwenye ile benchi peke yangu, magoti yananiuma. Niliona haya, sitawaficha. Watu niliowafundisha kazi walikuwa wanapita wakinisalimia haraka haraka.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mtu ameshaketi pale, chupa ya chai iko miguuni. Habari zilikuwa zimeshapanda mlima. Masika amezeeka sana, na Kyarumba ni mbali.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema, akinimiminia chai. "Na mimi siondoki mpaka useme umepata."