Mikono ya Zambarau Kwenye Futari

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nimepata kazi kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akijaribu dawa mpya ya nagana, ule ugonjwa wa mbung'o unaokondesha ng'ombe mpaka wafe. Zizi la majaribio lilikuwa nje kidogo ya Temeke. Dawa yenyewe ilikuwa unga mwekundu uliokoza. Ukiutia maji unakuwa zambarau. Tulimchoma ng'ombe sindano, kisha tukawa tunatazama damu yake kwa darubini kila asubuhi, kuona kama vijidudu vimekwisha.

Siku moja chupa ilinipasukia mikononi. Nilisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Rangi haikutoka.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi ni Mkristo wa bara, lakini mzee niliyepanga kwake alinifuturisha kila jioni kama mwanawe, sinia moja, mikono yetu yote ndani. Jioni ile mihogo ya nazi ilifuka moshi mbele yangu, nami nimeikalia mikono. Je, dawa ikiingia tumboni mwa mtu? Hilo hatukuwahi kulipima. Na kuomba kijiko si kujifanya Mzungu?

"Kula, baba," mzee akasema. "Au chakula chetu hakipiti kooni kwa msomi?"

"Nimeshiba, mzee."

Jirani aliyekuja kufuturu akacheka. "Kashiba! Watu tumefunga, yeye kashiba!"

Mzee hakucheka. Nikaona ananidhania nimemdharau, nikatoa mikono.

"Lo! Bwana harusi!" jirani akapaza sauti. "Umepakwa hina lini, na sie hatukualikwa?"

Walicheka mpaka nilipowaambia ni dawa ya ng'ombe. Mkono wa mzee ukasimama juu ya sinia.

"Inadhuru mtu?"

"Sijui."

"Na kusoma kote huko?"

Mke wa mzee aliinuka. Aliniletea sahani ya bati na kijiko, akaviweka pembeni ya mkeka. Nilikula nimeinama, masikio yakiniwaka.

Rangi ilififia kabla mwezi haujaandama.

"Imetakata sasa?" mke wa mzee aliniuliza, sinia mikononi.

Nilisogeza viganja kwenye taa. Penye kucha palikuwa na kivuli, au nilidhani tu. Mzee alikuwa ameshasogea kunipa nafasi. Ilibaki niseme ndiyo tu.

"Sina hakika, mama."

Akashusha pumzi, akarudi ndani kuchukua ile sahani.