Bi Mwanakombo na Kopo la Kwanza

Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Hapana, nakosea, sabini na tatu, maana redio ilikuwa inatuhubiria kampeni ya Mtu ni Afya, na Bi Mwanakombo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupita nyumba kwa nyumba huku Temeke kuwashauri wajawazito. Alikuwa Mzaramo wa hapa hapa, mkunga wa kliniki. Buibui alilifunga kiunoni lisikokote matope yetu.

Sie tulitoka kusini, mimi na mdogo wangu Adelina. Mimi nachonga vinyago vya mpingo. Yeye alikuwa anapika pombe ya komoni na kuuza hapo uani, mumewe yuko mashamba ya mkonge Tanga. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo mno, hakuweza kunyonya, akatutoka mapema. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na usingizi ulikuwa umemkimbia.

Bi Mwanakombo alikaa kwenye kigoda changu, wala hakukunja uso kwa harufu ya machicha ya pombe.

"Unakunywa, mdogo wangu?"

"Sinywi, dada. Naonja tu."

Ikabidi tumweleze. Kwetu aliyepika pombe ndiye anayekunywa kopo la kwanza mbele ya wateja, waone hakuna sumu. Na kila kundi likiingia linataka kuona kwa macho yake.

"Basi mpaka jua linazama umeonja mara ngapi?"

Adelina akacheka. "Mbona mama alikuwa anaonja na mie nikazaliwa?"

"Mama yako alipika mavuno yakiingia. Wewe unapika kila siku. Unachomeza wewe kinamfikia na mtoto, naye huko aliko hana pa kukitemea."

"Nikiacha watasema nimewatilia kitu. Tutakula nini?"

"Mie sikuja kukuvunjia mitungi. Hawezi kuonja mwingine?"

"Anaonja aliyepika, dada."

Bi Mwanakombo akageuka, akanitazama mimi na tezo yangu. "Basi apike kaka Albano."

Mwanamume apike komoni! Lakini jinsi alivyolisema lile jina langu, ningepika hata mawe. Adelina akakaa pembeni akinielekeza, mimi nakoroga, moshi unanitoa machozi. Siku ya kwanza nilipoinua kopo mbele ya wateja, Jamali, mpakia mizigo wa bandarini, alipiga magoti kwa kucheka.

"Shikamoo mama Albano! Na wewe kliniki unaanza lini?"

"Kunywa, au pisha wenzako," nikamwambia.

Wakanywa. Walisema ni chungu kidogo, lakini walirudi.

Bi Mwanakombo akawa anakuja kila Alhamisi. Hakugomba. Kuna siku Adelina alikiri kwamba alipitiwa, alikunywa msibani, akalia. Bi Mwanakombo akamfuta uso kwa upande wa kanga, akasema, "Umeniambia. Tuanzie leo." Mimi Alhamisi nilikuwa nafagia uwanja mapema, nachagua kazi ndogo ya mkono nisiwe na kelele, nimsikie. Niliomba mtoto azaliwe salama. Niliomba pia, Mungu anajua, asiwe na haraka.

Akazaliwa asubuhi ya mvua, wa kike, analia mpaka majirani wakajua. Rosalia tulimwita. Adelina aliapa kwamba hataonja maadamu ananyonyesha, nami nikaendelea kupika. Bi Mwanakombo alikuja mara ya mwisho, akamnyanyua mtoto juu, akamchungulia macho, akamtia kidole mdomoni. Mtoto akakivuta kwa nguvu. Akacheka kicheko ambacho mpaka leo nikiwa peke yangu nakitafuta.

"Huyu hanihitaji tena," alisema, akampa Adelina mwanawe.

Nilimsindikiza mpaka barabara ya lami. Mie Mkatoliki wa kusini, mikono ina vumbi la mpingo, yeye binti wa nyumba ya swala tano. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakapotea, likabaki moja. Nikamuuliza, naye akafungua buibui lake kiunoni, akalinyoosha taratibu, akavuka barabara bila kugeuka. Nilichomuuliza ni hiki:

"Sasa Alhamisi utakuwa unakuja kwa ajili ya nani?"