Mwanamke Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Wewe unayenisikiliza, kama umelemewa na uzito usioujua jina, sogea. Nitaeleza taratibu na sitaficha kitu, maana kuficha ndiko kulikonichelewesha.

Mimi ni mkulima wa Maretadu, mama wa watoto watatu. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kelele. Nilipalilia mahindi huku nikiimba nyimbo za kwaya, na majirani walijua niko shamba gani kwa kunisikia tu.

Ugonjwa ulianza mwaka ambao maharage yalikubali sana. Liangalie hilo vizuri: sikufiwa, sikuachwa, njaa haikuwepo. Nilisimama mbele ya magunia nikahisi kifua kizito kana kwamba nimelaliwa na ndama. Mate yakawa machungu. Chakula kikawa udongo mdomoni. Nilikonda mpaka sketi nikaifunga kwa kamba, na kuna wiki nzima sikuoga. Neema, mwanangu wa mwisho, miaka mitatu, alilia pembeni ya kitanda changu, nami nikamsikia kana kwamba analia kwa jirani.

"Uvivu hauna dawa," alisema mama mkwe. Alipomkuta mtoto na kamasi zimekauka usoni, akampeleka Getanuwas kwa wifi yangu. "Atarudi ukitulia."

Sikubisha. Nguvu ya kubisha sikuwa nayo. Mume wangu alipoona nimenyang'anywa mtoto na sikunyanyua hata kichwa, alinipakia kwenye pikipiki mpaka hospitali mjini Mbulu.

Daktari, mama wa makamo, aliniuliza kuhusu usingizi, kula, na kama nimewahi kutamani kufa. Nikasema ndiyo. Mume wangu akaangalia sakafu.

"Huu ugonjwa unaitwa sonona," daktari akasema. "Unatibika." Akanipa vidonge, akanipangia siku za kurudi kuzungumza naye, kisha akaongeza: "Na kila siku tembea haraka au ukimbie, mpaka utoke jasho."

"Daktari, mimi ni mkulima. Jasho nalijua."

"Mara ya mwisho umeshika jembe lini?"

Nikatazama viganja vyangu, sugu zilikuwa zimeshalainika.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, kuna moto au ng'ombe wameibwa, na anayemwona lazima amfuate. Nami, mjinga, sikumwambia mtu. Asubuhi ya kwanza nilivaa raba za mume wangu, nikajaza matambara mbele, nikashuka njia ya shuleni. Sijafika mbali nikasikia vishindo nyuma. Wanaume watano na fimbo zao, na mama mmoja na mwiko wa uji.

"Wamepita wapi?" akauliza mzee aliyetangulia.

"Nani, baba?"

"Wezi!"

"Hakuna wezi. Nafanya mazoezi."

Mzee akashika magoti, akahema. "Mazoezi? Mama Neema, unaenda jeshini na umri huo?"

"Uji wangu umeungua huko!" akafoka mwenye mwiko.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa aibu. Lakini mchana ule nilimaliza sahani ya makande. Sikuwa nimemaliza sahani kwa miezi.

Habari zikasambaa kwamba nimechanganyikiwa. Mama mkwe akaja. "Mwanamke anayekimbia bila kufukuzwa, kichwa hakijakaa. Acha hizo mbio, mtoto atarudi kesho."

Hebu fikiri ungejibu nini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu: nikikimbia, napata saa moja ambayo kifua kiko wazi. Baadaye ikawa nusu siku. Nikiacha siku mbili, ukungu unarudi.

"Mama," nikamwambia, "nikiacha, Neema atarudi kwa mama aliyelala. Siachi."

Aliondoka bila kuaga. Nami kesho yake nikakimbia, na keshokutwa. Siku nyingine sikusikia nafuu yoyote, miguu ilikuwa kama mawe. Hizo nilitembea tu. Watoto wa shule walinizomea, nikawapungia mkono. Vidonge nilimeza, kwa daktari nilirudi. Taratibu sana, nikaanza tena kusikia njaa, kisha usingizi, kisha hasira. Hasira ile niliifurahia. Nikapanda basi kwenda Getanuwas.

Wifi yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, alikuwa ananywesha mbuzi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwanariadha?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kumchukua mwanangu. Na kukimbia siachi."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unalala?"

"Jogoo anawika mpaka anachoka."

"Vidonge?"

"Nameza, mpaka daktari aseme basi."

Akacheka. "Mchukue. Mimi nakimbiza mbuzi hawa kutwa nzima, na hakuna aliyeniita kichaa."

Neema alijificha nyuma ya shangazi yake. Nikachuchumaa nikangoja. Ilichukua muda, lakini alikuja mwenyewe, akanishika sikio.

Namshukuru Mungu, mume wangu, daktari na wifi. Mama mkwe bado anageuza uso nikipita. Anageuza, nami napita.

Sisemi mbio peke yake zilinitoa. Zilinipa nguvu ya kuushika msaada mwingine. Wewe, kama unatamani kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali. Na kesho asubuhi usingoje kwanza ujisikie vizuri. Vaa ulichonacho, toka nje, tembea haraka mpaka utoke jasho, kisha urudi. Keshokutwa fanya tena.