Picha Niliyoimalizia Mwenyewe

Enzi zetu picha haikuwa kitu cha kubonyeza. Ilikuwa safari, tena safari ya wizi. Likizo ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inang'ata masikio, unatumwa mashineni Mwanjelwa kusaga mahindi. Unatua debe lako kwenye foleni, unamwomba wa nyuma yako alitazame, halafu unachomoka hadi banda la video lililokuwa uchochoro wa pili. Mle ndani kulinuka karanga, soksi na wavulana. Wasichana tulikuwa wachache, tumejifunika kanga mpaka puani, eti tusijulikane.

Nami sikuwa mtazamaji wa kukaa tu, nilikuwa na maoni. Picha za Kichina nilizidharau, maana yule mzee wa ndevu nyeupe ana mtindo mmoja wa ngumi ameuficha, na anaukumbuka wanafunzi wake wakishakwisha wote. Za Kihindi nilizipenda, ila mvua yao ilinishinda. Watu wanaloa, wanaimba, wanabadilisha nguo mara nne, na hakuna anayekohoa. Jaribu hivyo Mbeya uone kama hulazwi na kichomi. Na mtafsiri wetu, aliyepaza sauti yake juu ya sauti za waigizaji, ile lugha hakuijua hata salamu. Katikati ya mazishi anawasalimia shemeji zake wa Tukuyu! Nilimheshimu sana yule mtu.

Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, bweni la wasichana kule Iringa, na huko nilikuwa na cheo. Kila Jumamosi baada ya kufua tulikaa kwenye nyasi chini ya kamba za nguo, nami nikasimulia picha za likizo. Mwenye picha hakuchota maji, alichotewa. Aliyenichotea zaidi ni Milembe, rafiki yangu wa Madibira, ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe kutoka Usukumani. Kwao hakukuwa na televisheni. Alisikiliza mdomo wazi na kulia kabla hata steringi hajaumia.

Basi likizo ile nikaipata picha ya maana. Ndugu wawili walipotezana utotoni, mmoja akawa polisi na mwingine mwizi, na mama yao kipofu akiwatafuta kwa kupapasa nyuso za watu. Mwishoni polisi anamwelekezea mwizi bastola. Mama anajitupa katikati. Na hapohapo mama yangu mzazi naye akasimama katikati, mbele ya televisheni, debe la mahindi kichwani, kandambili mkononi.

"Mama, toka, tunaangalia!" wavulana wakapiga kelele.

"Tokeni nyie! Wote humu nawajua wazazi wenu," akasema. "Gwe Tuse! Mahindi yanajisaga?"

Nilitolewa kwa sikio. Mlio wa bastola niliusikia nikiwa nje.

Nilirudi shule na picha isiyo na mwisho. Jumamosi ikafika, Milembe kajaza ndoo zangu zote, wasichana arobaini wananitazama. Kusema sikuiona hadi mwisho ilikuwa sawa na kurudi kisimani. Nikamkumbuka mtafsiri, nikajikohoza. Nikasema risasi ilikosa. Nikasema yule mama alivua kandambili akawachapa wanawe wote wawili, polisi na mwizi bila kubagua, akawaambia, "Wote nyie nawajua, mmetoka tumboni mwangu," kisha akawaburuza kwa masikio hadi nyumbani wakale ugali ungali wa moto. Bweni zima lilishangilia. Milembe alilia hadi kamasi, na muhula mzima akanisimulisha ule mwisho tena na tena. Roho iliniuma kila mara, lakini maji niliyaoga.

Juzi mmoja wetu kaitupia picha ileile kwenye kundi la simu la sisi wasichana wa bweni lile. Nikasikia joto masikioni, lile sikio hasa. Binti yangu akaidaka, akaruka moja kwa moja dakika za mwisho, akatangaza, "Bibi kipofu anapigwa risasi, anakufa," akahamia nyingine. Ndivyo wanavyotazama siku hizi, kama mtu anayekula nyama kwenye mchuzi na kuacha ugali. Wanajua miisho yote na hawana hata mmoja wa kulilia. Sisi tulikuwa na nusu ya picha, na nusu ile tuliila muhula mzima. Mama yangu alikuwa amesimama mbele ya televisheni yetu ya sebuleni, maana tabia hiyo hajaiacha hadi leo, nami nikakaa nyuma ya mgongo wake nikisubiri Milembe aniumbue mbele ya wanawake arobaini wazima.

Milembe aliimaliza jioni. Akaandika kwenye kundi, mbele ya wote:

"Tuse, nimeiona mpaka mwisho. Wamekosea."