Bibi Aliyefunikwa na Mjukuu Wake

Nilipotengeneza ule ukurasa wa zahanati nilikuwa na majivuno, tena yale ya mtu anayejitolea, ambayo ni mabaya zaidi kwa sababu hakuna anayethubutu kukukosoa. Zahanati iko kijiji kimoja mbele ya Ilongero, kwa wajomba zangu. Nilikaa Singida mjini, chini ya feni, nikawaandikia programu ya kuwafuatilia wagonjwa wanaochukua dawa kila mwezi: wa presha, wa sukari, wa kifafa, wa selimundu. Kabla ya hapo walitumia daftari. Nililicheka daftari lao mbele yao.

Kazi yenyewe inaeleweka. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza kumbukumbu, huandaa ukurasa kwa kujaza taarifa kwenye kiolezo, kama karani anavyojaza fomu, kisha huutuma. Ukishafika kwenye simu ya muuguzi, seva imemaliza yake. Inayobaki ni skripti, maagizo mafupi yanayofanya kazi ndani ya kivinjari cha simu: aliyechukua dawa inampaka kijani, aliyekosa inampaka nyekundu. Kila mwekundu, mhudumu wa afya wa kijiji anapanda baiskeli kwenda kumfuata nyumbani. Seva na skripti hazionani. Kinachopita kati yao ni furushi moja la taarifa lililofichwa ndani ya ukurasa, na aliyeamua furushi hilo lifungwe vipi ni mimi.

Nililifunga kwa majina. Kila mgonjwa ana namba ya kadi, lakini wauguzi humtafuta mtu kwa jina lake, nikaona nirahisishe mambo: skripti ifungue furushi, impe kila mtu nafasi kwa jina. Kwenye nafasi moja hukaa mtu mmoja. Akija wa pili mwenye jina hilohilo, anakalia palepale na wa kwanza anatoweka. Kompyuta hailalamiki wala haitoi onyo.

Mtu wa kwetu akifika hapa ameshatikisa kichwa. Kwetu mtoto hupewa jina la bibi au babu yake. Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, anatumia jina lake na la marehemu mumewe. Mjukuu wake alipewa jina la bibi, na la ukoo ni la babu, ambaye ndiye mume huyohuyo. Majina mawili yaleyale, herufi kwa herufi. Na sikuwa mgeni wa jambo hilo, maana siku ya ubatizo nilikuwepo, nikala mbuzi, nikacheka na wengine mama mkubwa alipombeba mtoto na kumwita "mwenzangu". Bibi ana presha, mjukuu ana selimundu, na wote wawili walikuwa kwenye orodha yangu.

Wiki ya tatu sista wa zahanati alinipigia simu.

"Kaka, samahani. Hapa juu ukurasa unasema tuna wagonjwa mia na themanini. Nikihesabu majina huku chini, nakosa kumi na wanne."

Idadi ya juu iliandikwa na seva. Majina ya chini yalipangwa na skripti. Alikuwa amehesabu kwa kidole, kati ya foleni ya wajawazito na foleni ya watoto, akaniletea kosa lenyewe mkononi.

"Ni mtandao wenu, sista. Funga, ufungue tena."

"Nimefungua mara tatu, kaka."

"Basi subiri mtandao utulie."

Akasema sawa. Watu wa kwetu wakisema sawa kwa sauti ile wamekuheshimu tu, hawajakubali. Nililijua hilo, na bado nikakata simu.

Mjukuu hakukosa dawa hata mara moja, maana mama yake ni mtu makini. Kwa hiyo jina lile lilikuwa kijani mwezi wa kwanza, likawa kijani mwezi wa pili. Chini yake alikuwa bibi, ambaye hajameza kidonge hata kimoja. Mwezi wa tatu alianguka shambani akivuna alizeti. Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo.

Habari iliponifikia sikufikiria programu. Nililia kama mtu mwingine yeyote. Kesho yake ndipo nilipofungua ukurasa nimtafute, nikakuta dawa za selimundu kwenye jina lake. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai: niliondoa jina, nikaweka namba ya kadi. Watu kumi na wanne wakarudi kwenye orodha. Karibu wote walikuwa wazee, kwa sababu seva huanza na wakubwa, na wadogo wanaokuja nyuma ndio waliowafunika. Nikampigia sista kumwomba radhi. Akasema, "Sawa, kaka."

Jumamosi nilienda kwa mama mkubwa. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mkono mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Ilimchukua muda kulimaliza neno.

Nilimweleza yote, bila kumsingizia mtandao. Nilimwambia jina la mjukuu lilikaa juu ya lake, kwamba mhudumu alipotazama simu hakumwona, na kwamba ni mimi niliyeyapanga hivyo. Nilitaka anitukane. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama mlangoni.

"Zamani nikichelewa siku mbili tu, yule wa baiskeli yuko hapa uani," alisema polepole. "Safari hii hakuja. Mwezi ukaisha, hakuja. Nikawaambia hapa nyumbani, wameona kwenye mashine nimepona. Nikamshukuru Mungu."

Mkwewe alikuwa ameleta uji, nikauchukua, nikamnywesha kwa kijiko upande ule wa mdomo unaosikia. Ulipomwagika nilimpangusa kidevu, naye hakuona haya. Alikunywa kidogo, akapumzika, akanirudishia macho.

"Na wengine?" akauliza. "Wapo waliopona kama mimi?"

Nikamwambia wapo.